Kutoka Leseni ya Mwindaji hadi Tiketi ya Familia: Matembezi Mafupi ya Hifadhini Nairobi na Mikumi

Matembezi ya siku moja au mbili ambayo familia ya Dar es Salaam, Morogoro au Nairobi huyafanya leo katika hifadhi ya wanyamapori, baba, mama, watoto na pengine bibi aliyekuja mjini kusalimia, ni desturi changa kuliko inavyodhaniwa. Hifadhi zilitangulia, na familia za wananchi zilifuata miaka mingi baadaye, baada ya barabara, shule, bei na biashara ya magari kubadilika kiasi cha kuziruhusu kufika langoni. Katika historia hiyo yote, jambo lililoamua nani aingie na nani abaki nje halikuwa mapenzi kwa wanyama, na mara nyingi halikuwa hata kiingilio, bali usafiri. Na mzazi anayepanga safari ya namna hiyo hata sasa hugundua upesi kwamba hesabu yake nzima inazunguka gari.

Wakazi wa nyika na mabonde ya Afrika Mashariki ya zamani hawakuwa na sababu ya kufunga safari ili wakaangalie wanyama, kwa kuwa wanyama ndio waliowafuata: ngiri na nyani waliingia mashambani, viboko walikula mpunga wa mabondeni, na tembo alionekana usiku kutoka juu ya dungu, yaani kichanja kirefu cha miti ambapo mlinzi wa mazao hukaa akipiga makelele na kurusha mawe mpaka alfajiri. Kazi hiyo ya kuamia shamba iliwapa hata watoto ujuzi wa tabia za wanyama ambao mwongoza watalii wa leo asingeweza kuwaongezea mengi, na kwa hiyo dai lililorudiwa mara nyingi katika maandishi ya enzi za ukoloni, kwamba Mwafrika hana hamu ya kutazama wanyama, lilikuwa dai la watu wasiouliza. Anayekesha akiwafukuza tembo hawezi kutarajiwa alipe nauli ili awaone. Tena wapo waliowajua wanyama kwa riziki, kama Wata wa nyika ya Tsavo na Wakamba, waliosifika kwa upinde na mishale ya sumu, na pembe za ndovu walizozipata waliowinda bara ziliingia katika misafara iliyoishia Mombasa, Pangani na Bagamoyo.

Ukoloni uligeuza mambo hayo kwa sheria. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa kanuni za uwindaji zilizodai leseni na kutenga maeneo ya mwanzo ya akiba, moja upande wa Kilimanjaro na jingine upande wa Rufiji, na mwaka 1900 madola ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalikutana London kukubaliana juu ya hifadhi ya wanyama wa bara hili bila kuwapo Mwafrika hata mmoja mezani. Pori la akiba, kwa maana ya sheria hizo, lilikuwa eneo ambamo uwindaji ulizuiwa au kuratibiwa na serikali, na ada ya leseni ilikuwa kubwa kiasi cha kumwezesha ofisa, mlowezi na mgeni tajiri tu kuwinda kihalali, wakati yule aliyeendelea kutumia upinde wa babu yake aliitwa jangili, yaani mwindaji asiye na idhini. Safari ya kuwaona wanyama ilianza, basi, kama safari ya kuwaua.

Mfano wake mkubwa ni wa baba na mwana. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, wakapanda treni kuelekea bara, na katika miezi iliyofuata, wakiwa na mamia ya wapagazi na wataalamu wa makumbusho ya Smithsonian, wawili hao walipiga risasi wanyama zaidi ya 500. Hiyo nayo ilikuwa safari ya familia, ingawa si ya aina ambayo mwalimu wa shule wa Morogoro angeweza kuipanga kwa likizo yake ya Desemba.

Treni aliyoipanda Roosevelt inastahili kutajwa kwa sababu nyingine. Reli ya Uganda, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ilipita katika uwanda wa Athi kandokando ya pori la akiba la kusini, na abiria waliona kutoka madirishani makundi ya pundamilia, nyumbu na kongoni waliozoea moshi wa injini. Abiria wa daraja la tatu aliwaona wanyama wale wale waliotazamwa na abiria wa daraja la kwanza, kwa bei ya nauli yake tu, na inaweza kusemwa bila kutia chumvi kwamba chombo hicho cha umma kiliwaonyesha wanyama watu wa kila tabaka nusu karne kabla ya hifadhi yoyote ya eneo hili kufanya hivyo. Ni fursa ambayo wapangaji wa hifadhi waliofuata hawakujifunza kitu kwayo.

Hifadhi ya taifa ni kitu tofauti na pori la akiba, kwani humaanisha eneo lililotengwa kwa sheria ya kudumu, ambamo kuwinda, kulima, kuchunga na kuishi hukatazwa, lakini umma huruhusiwa kuingia ili utazame na kuburudika. Wazo hilo lilitoka Marekani, likatua Afrika ya Kati mwaka 1925 wakati Wabelgiji walipoanzisha Hifadhi ya Albert katika Kongo, ambayo leo ni Virunga, na likapewa nguvu na mkataba wa pili wa London wa mwaka 1933. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 1945, na mwezi Desemba 1946 Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ikawa ya kwanza katika Kenya, ikiwa na kilomita za mraba 117 tu na mlango wake ukiwa kilomita chache kutoka katikati ya mji. Mpigania hoja wake mkuu alikuwa Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi, ambaye aliwahi kuandika gazetini barua ya hila kwa jina la bandia akipendekeza kwamba wanyama wote wauawe kwa bunduki, ili wasomaji wakasirike na kudai kinyume chake. Hila hiyo ilifaulu, naye akawa mkurugenzi wa kwanza wa hifadhi za Kenya. Wamaasai waliochunga katika uwanda huo walipoteza malisho yao, na neno “umma” katika sheria hiyo mpya halikuwahusu.

Kanuni ya kwanza ya hifadhi ya Nairobi, ambayo ndiyo kanuni ya karibu kila hifadhi ya simba mpaka leo, ni kwamba mgeni hukaa ndani ya gari na kushuka mahali palipoidhinishwa tu. Kwa upande wa usalama kanuni hiyo haina ubishi, lakini matokeo yake ya kijamii yalikuwa makubwa kuliko ilivyokusudiwa, kwa sababu iligeuza umiliki wa gari kuwa tiketi ya kweli ya kuingilia, katika mji ambao Waafrika wenye magari walikuwa wachache mno. Isitoshe, familia yenyewe ya Kiafrika haikutakiwa iwepo mjini. Makazi mengi ya wafanyakazi wa Nairobi ya kikoloni yalijengwa kwa dhana kwamba mfanyakazi ni mwanamume aliyeacha mke na watoto kijijini, na kipande, yaani hati ya kazi aliyolazimika kubeba, kilimfuata kila alikokwenda. Ni walowezi na maofisa walioweza kutoka baada ya chai ya jioni wakaenda kuwaona simba na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha usiku. Matembezi mafupi ya familia hifadhini, kama desturi, yalibuniwa na watu hao, na umbo lake la kupakia watoto kwenye gari, kubeba chakula na kurudi kabla giza halijaingia, limebaki vile vile hata baada ya wenye magari kubadilika.

Wakati huohuo picha za wanyama wa Afrika Mashariki zilikuwa zikisafiri mbali kuliko watu wake. Filamu ya Kiingereza ya mwaka 1951, “Where No Vultures Fly”, ilitiwa msukumo na kazi ya Cowie, na mwaka 1959 Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alitoa filamu yake juu ya Serengeti, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, baada ya mwanawe Michael kufa katika ajali ya ndege huko huko mapema mwaka 1959. Watoto wa Ujerumani waliiona Serengeti ukumbini miaka mingi kabla ya watoto wa Mwanza, walio jirani zake, kuiona dirishani.

Tanganyika ilipopata uhuru ilirithi mambo haya yote. Serengeti ilikuwa hifadhi tangu 1951, Manyara na Ngurdoto, ambayo baadaye iliingia katika Hifadhi ya Arusha, tangu 1960, na mwezi Septemba 1961 Julius Nyerere alitoa tamko linaloitwa Azimio la Arusha la Wanyamapori, ambalo si Azimio la Arusha la mwaka 1967, akiahidi kwamba nchi mpya ingewatunza wanyama kama amana. Nyerere huyo huyo anakumbukwa kwa kukiri kwamba yeye binafsi asingependa kutumia likizo yake akitazama mamba, bali alijua kwamba Wazungu na Wamarekani wangelipia jambo hilo. Kauli hiyo, hata ikichukuliwa kama mzaha, inaeleza sera ya miongo miwili iliyofuata, ambapo mgeni alitarajiwa kuleta fedha za kigeni na mwananchi alitarajiwa kujivunia kwa mbali.

Palikuwa na mahali pamoja, hata hivyo, ambapo jiografia iliipita sera. Barabara ya Morogoro hadi Iringa ilipoboreshwa katika miaka ya 1950 iliufungua uwanda wa Mkata, wenye nyati, twiga, tembo na makundi ya swala, kwa wawindaji waliotoka Dar es Salaam, na tishio hilo lilichangia eneo hilo kulindwa na hatimaye kutangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi mwaka 1964. Barabara ile ile, ambayo baadaye ilitiwa lami na kuwa njia kuu ya kwenda Zambia, ilibaki ikikatiza hifadhi kwa umbali wa kilomita 50 hivi. Kwa wahifadhi hilo ni balaa lisilokwisha, kwa maana wanyama hugongwa na malori usiku, na ndiyo sababu njia hiyo ina matuta, vibao vya mwendo na bango linaloorodhesha faini ya kila mnyama, kuanzia nyani hadi tembo. Kwa abiria, hata hivyo, ni zawadi ambayo hakuna aliyeipanga. Wanafunzi waliokuwa wakienda shule za bweni za Iringa na Mbeya, wafanyabiashara wa mbao, wagonjwa na wasindikizaji wao, wote wamewaona twiga wa Mikumi kutoka kwenye kiti cha basi bila kulipa senti ya ziada, na watu wazima wengi wa Dar es Salaam ambao hawajawahi kupita lango la hifadhi yoyote wameiona hifadhi hiyo kwa namna hiyo. Wengine walimwona simba kwa mara ya kwanza katika kizimba cha banda la Maliasili kwenye maonyesho ya Sabasaba, foleni ikiwa ndefu na watoto wakiwa wamebebwa mabegani.

Aliyevuka lango mapema zaidi, kwa kawaida, hakuwa mzazi bali mtoto. Kenya ilianzisha vilabu vya wanyamapori vya wanafunzi mwaka 1968, ambavyo vilienea mashuleni na kujenga hosteli, nayo Tanzania ikaanzisha vilabu vya Malihai katika miaka ya 1980. Ziara ya shule ilikuwa na utaratibu wake unaokumbukwa na vizazi kadhaa: fomu ya mchango iliyopelekwa nyumbani, basi la kukodi au hata lori, wali uliopikwa usiku wa manane na kufungwa, nyimbo za njia nzima, na insha iliyoandikwa Jumatatu. Kundi la wanafunzi 50 lililoshirikiana basi moja ndilo lililotatua kwa mara ya kwanza tatizo la gari ambalo familia moja moja haikuweza kulitatua, na watoto hao walipokuwa wazazi wenyewe walikuwa tayari wanajua hifadhi ni nini.

Siasa na uchumi havikuwasaidia wazazi wa wakati huo. Mwaka 1970 wasomi na vijana wa chama tawala, TANU, jijini Dar es Salaam walijadili magazetini kama utalii unafaa katika nchi ya kijamaa, mjadala ambao msomi Issa Shivji aliukusanya katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Waliopinga waliogopa kwamba nchi ingegeuka kuwa mhudumu wa matajiri wa nje, nao waliotetea walitaja fedha za kigeni, lakini pande zote mbili zilimfikiria mtalii kama Mzungu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, jambo lililoziondolea hifadhi za kaskazini ya Tanzania wageni waliokuwa wakipitia Nairobi. Ulikuja pia uhaba wa mafuta, na serikali ya Tanzania ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili alasiri bila kibali. Katika hali hiyo hata familia chache zilizokuwa na gari hazikuweza kupanga kurudi kutoka Mikumi jioni ya Jumapili, ambayo ndiyo saa pekee ambayo safari ya mwisho wa wiki humalizika.

Mabadiliko yaliyokuja katika miaka ya 1990 hayakutoka idara ya utalii. Milango ya biashara ilipofunguliwa, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na mwalimu, mhasibu au mwenye duka ambaye asingefikiria kununua gari jipya akaweza kununua lililotumika. Noah ya familia na Coaster ya kukodi vimefanya kazi kubwa katika utalii wa ndani, yaani utalii wa wananchi katika nchi yao wenyewe, kuliko matangazo mengi yaliyobandikwa barabarani. Sera ya bei nayo ilisaidia, kwani nchi zote mbili hutoza viingilio vya ngazi mbili: mgeni hulipa kwa dola na mwananchi hulipa kwa shilingi kiasi kidogo sana, huku mtoto wa chini ya miaka mitano akiingia bure katika hifadhi za Tanzania. Mwaka 2020, janga la korona liliposimamisha ndege za watalii, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipunguza viingilio kwa muda, na mamlaka za nchi zote mbili zikawageukia wananchi kwa bidii ambayo zingeweza kuionyesha miaka 50 mapema.

Mpango wa familia ya leo umebeba alama za historia hiyo yote. Familia ya Dar es Salaam inayokwenda Mikumi, mwendo wa kilomita 280 hivi, huondoka Jumamosi alfajiri, hulala Morogoro au katika mji mdogo wa Mikumi ambako vyumba ni nafuu kuliko kambi za ndani, na huwa langoni saa 12 asubuhi ya Jumapili, kwa kuwa wanyama huonekana vizuri kabla ya jua kali na kwa kuwa hifadhi hufungwa saa 12 jioni. Malipo hufanywa kwa njia za kielektroniki wala si kwa noti mkononi, jambo ambalo limewarudisha nyuma wengi waliofika bila kujiandaa. Majira huchaguliwa kwa kuangalia mvua: kuanzia Juni hadi Oktoba nyasi ni fupi na wanyama hukusanyika majini, lakini masika hugeuza udongo mweusi wa Mkata kuwa mtego wa gari lolote la chini. Hapo ndipo hesabu hukataa. Kiingilio cha watu sita kinaweza kuwa kidogo kuliko gharama ya kukodi gari moja lenye uwezo wa kupita njia za ndani, na familia iliyofika kwa basi, ikiwa na fedha zote za tiketi mkononi, hujikuta mahali palepale alipokuwa karani wa Kiafrika asiye na gari wa Nairobi mwaka 1946.

Nairobi yenyewe ililishughulikia tatizo hilo vizuri zaidi. Katika miaka ya 1960 kilijengwa kando ya lango kuu kituo cha kulelea wanyama yatima, na baadaye njia ya kutembea kwa miguu yenye madaraja ya mbao juu ya maeneo ya wanyama, ambapo familia inayoshuka kwenye matatu katika Barabara ya Lang'ata inaweza kumwona simba, duma na kifaru bila kumiliki hata baiskeli. Kwa miaka mingi palikuwepo pia basi la mwisho wa wiki lililotoka katikati ya jiji na kuingia hifadhini. Wapo wanaozidharau njia hizo kwa kusema kwamba mnyama aliyezungushiwa uzio si wa porini, na hoja yao ina ukweli wake, lakini ni hoja ya mtu ambaye tayari ana gari.

Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na kutoka Morogoro hadi lango la Mikumi zimebaki kilomita zipatazo 100 za lami. Sehemu kubwa ya safari, basi, imekwisha kurahisishwa kwa chombo cha umma, kama reli ilivyofanya katika uwanda wa Athi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kinachohitajika sasa ni mabasi yenye ratiba, nauli inayojulikana na askari wa hifadhi ndani yake, yatakayopokea abiria wa treni hiyo Jumamosi, siku za sikukuu na wakati wa likizo za shule, yawapeleke hadi Mkata na kuwarudisha stesheni jioni. Wizara na shirika la hifadhi zinazotaka kuongeza idadi ya wananchi wanaoingia zianze na mabasi hayo kabla ya kugusa tena bei za viingilio.